Mtu wa Lifti Ndiye Stelingi

Habari ya kifo cha Festo ilinikuta kwenye korido ya hospitali moja hapa Columbus, nimeegemea ukuta, namsubiri daktari atoke ili nimtafsirie mama mmoja wa Kikongo majibu yake. Mimi ni mkalimani. Nimeapa, mkono juu, kwamba sitaongeza neno wala sitapunguza. Na mtu aliyenionyesha mara ya kwanza kwamba maneno yanaweza kutoka kinywa hiki yakafika sikio lile yakiwa bado hai ni huyo Festo, ambaye maishani mwake hakuwahi kutafsiri sentensi mbili mfululizo bila kuongeza, kupunguza, na pale alipoona mwenye filamu hajui kazi yake, kubuni. Kwa hiyo niliposoma ujumbe kwenye simu nilicheka kwanza. Kulia nililia baadaye, ndani ya gari, mlango umefungwa, kama mtu mwenye adabu.

Mazishi yalikuwa Buffalo, alikokuwa akiishi na mwanawe. Nilitoka kwangu Westerville, nje kidogo ya Columbus, asubuhi ya Ijumaa, nikapitia University District kumchukua Neema, binti wa jirani yangu wa zamani, ambaye siku hizi anasoma kwenye kile chuo kikubwa na anaishi na wenzake katika nyumba yenye kochi barazani, kochi lililokwishanyeshewa na mvua za wapangaji wengi. Aliingia garini na begi moja na chakula cha watu wanne. "Tanti," akaniambia kabla hatujafika barabara kuu, "unajua mimi ndiye nilimharibia kazi?" Nikamwambia nakumbuka, nilikuwepo, na kwamba aliharibu vizuri. Halafu kila mmoja akarudi kwenye Louisville yake, mji tuliofikia sote tulipoletwa Marekani.

Ni mwaka 2015 ninaotaka kuueleza. Ya kambini Tanzania, nani alimzaa nani na nani alikimbia lini, nimeyasema mbele ya maofisa mara nyingi mno, na kila mara wakaniomba nirudie, leo nayaruka. Ninachohitaji kutoka kule ni kitu kimoja tu, kibanda cha video. Paa la turubai, televisheni juu ya kreti, na pembeni yake Festo na maikrofoni. Alikuwa anaishusha sauti ya filamu, anakohoa, anatangaza, "Fundi yuko kazini!" kisha anasema badala ya wote: shujaa, jambazi, mchumba, na kama kulikuwa na mbwa, mbwa pia. Mimi nilikuwa mlangoni, nahesabu vichwa wakiingia na kuhesabu tena wakishakaa, kwa sababu wapo walioingia kwa kutambaa chini ya turubai. Na kila aliyechelewa aliuliza swali lile lile kabla hajapata pa kukaa: "Stelingi yupi?" Stelingi ndiye mtu mkuu wa filamu, yule asiyekufa. Ukishamjua, unajua moyo wako uuweke wapi. Usipomjua, unaangalia watu wakipigana tu.

Louisville ilimnyamazisha Festo. Alipata kazi ghalani, kupanga maboksi, na aliniambia siku nzima huko anasema neno moja, nalo ni "okei". Watoto wetu walikuwa wameshashika Kiingereza, kila mmoja na simu yake, hawana haja ya fundi. Wazee hawakuwa na Kiingereza wala simu. Walikaa ndani, wanaangalia televisheni kama mtu anavyoangalia samaki kwenye maji. Nilimwona Festo siku moja kwenye maegesho ya majengo yetu akiongea peke yake ndani ya gari lililozimwa. Nikadhani anasali. Nilipokaribia nikasikia, "Tupa bunduki chini, mwanaharamu!" Nikarudi nyumbani.

Mimi nilikuwa namtunza bibi mmoja Mmarekani mweusi, upande wa magharibi wa mji, anaitwa Ernestine. Sisi tukamwita Bibi Ernestina, akazoea. Nyumba yake ilikuwa na jiko lenye meza ya kitambaa cha plastiki cha maua, saa iliyokufa, na televisheni ndogo iliyokuwa ikionyesha kila mchana zile filamu za zamani za upelelezi, za rangi nyeusi na nyeupe, za miaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa msichana wa kutazamwa. Alinilisha mboga za majani zilizochemshwa mpaka zikasalimu amri, na mkate wa mahindi ambao nilimwambia ni ugali uliokwenda shule. Alikula akitazama. Na kila mtu mweusi alipotokea kwenye kioo, aliinua kijiko: "Huyo hapo." Mbeba mizigo wa garimoshi. Kijiko. Mpiga piano kona ya baa. Kijiko. Mfanyakazi wa ndani anayefungua mlango, anaikuta maiti, anapiga kelele, hatumwoni tena. Kijiko, na mara nyingine neno ambalo sitaliandika hapa.

Alinieleza kwamba televisheni zilipokuwa mpya, mtu mweusi akionekana kwenye kipindi, simu zilikuwa zinalia nyumba kwa nyumba mtaa mzima. "Washa, washa, wetu mmoja yupo!" Na ukifika sebuleni ukiwa na unga mikononi, alikuwa ameshafunga mlango, amekwenda zake. Mimi ni mtu wa kuhesabu, siwezi kujizuia, basi nikaanza. Hesabu ya kwanza: wangapi walionekana. Nikarudia: wangapi kati yao walisema kitu. Hesabu hizo hazikukutana hata siku moja. Nikajaribu na ya tatu, wangapi waliitwa kwa jina, nikagundua hiyo haihitaji vidole. Bibi Ernestina alinitazama nikihesabu, akasema, "Mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo." Kisha akanituma kabatini, nikatoa sanduku la diski za hizo filamu, akaniambia nichukue nikaziangalie na watu wangu.

Niliwaza wazee wetu. Niliwaza Festo na gari lake lililozimwa. Kulikuwa na ukumbi mdogo katika majengo yetu, ubavuni mwa chumba cha mashine za kufulia, na msimamizi wake alikuwa mama wa Kibosnia, mkimbizi wa kabla yetu, mwenye sura ya mtu aliyekwishasikia hadithi zote. Akasema ukumbi ni wa sherehe tu. Nikamwambia hii ni sherehe. Sherehe ya nini? Ya wazee kutoka ndani ya nyumba zao. Akasema hapana. Nikanyamaza, kwa sababu penye mapatano anayenyamaza ndiye mwenye duka. Akapanga makaratasi yake, akayapangua, halafu akauliza kama ni mimi ninayekaanga zile za pembetatu zinazonukia ngazi nzima. Nikasema zinaitwa sambusa, na sherehe bila sambusa haijawahi kuonekana. Tukaupata ukumbi kila Jumamosi mchana. Shuka ukutani, projekta ya kuazima kanisani, viti vya plastiki, na ng'ambo ya ukuta mashine zinazunguka nguo za watu.

Filamu ya kwanza tuliyoweka ilikuwa ya hoteli. Mtu ameuawa ghorofa ya kumi, mpelelezi anaitwa, mwimbaji wa kike ana siri. Sikuichagua, ilikuwa juu kwenye sanduku. Festo alikaa pembeni ya shuka akiwa na maikrofoni, amenyoa, amevaa shati la harusi ya mtu. Akakohoa. "Fundi yuko kazini!" Wazee wakapiga makofi kama waliorudishiwa kitu.

"Stelingi yupi?" aliuliza Mzee Ezekieli, Mrundi mwenzangu, ambaye kambini hakuwahi kukosa filamu.

"Huyo mwenye kofia," Festo akajibu.

"Wote wana kofia."

"Mwenye sigara, mzee."

"Wote wana sigara. Usitufanye watoto, Festo."

Na ni kweli. Wazungu sita, koti moja, kofia moja, sura moja, wanaingia na kutoka kwenye moshi. Hata mimi niliyekuwa nimezizoea filamu hizi kwa Bibi Ernestina sikuweza kuapa nani ni nani. Ndipo lifti ikafunguka, na ndani amesimama kijana mweusi, sare yenye vifungo vya shaba, mkono kwenye usukani wa lifti. Mama Neema, jirani yangu kutoka Kivu, akapiga paja.

"Huyu! Bon, sasa nimeona. Huyu njo stelingi."

Festo akaiziba maikrofoni. "Mama, huyo ni wa lifti tu."

"Nani amekuambia 'tu'? Stelingi anajificha kwanza. Bale bengine bote biko sura moja, nitabafuata namna gani? Huyu namujua."

Ukumbi mzima ukakubaliana naye. Lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa letu sisi, hakuna watu wengine ambao wangelifanya: tumefundishwa kuweka moyo kwa stelingi, na mtu mmoja tu katika filamu nzima ndiye tuliyeweza kumtambua. Yule kijana akauliza abiria wake ghorofa ya ngapi, akafunga mlango, akatoweka. Dakika zikapita. Wazee wakaanza kugeuka kwenye viti. "Yuko wapi? Amekwenda wapi?"

Niliona shingo ya Festo ikinyooka. Fundi hamwambii mteja amekosea, anahamisha barabara. Mpelelezi na bosi wake walikuwa wanakunywa wakinong'ona, na Festo akawapa maneno: "Bosi, kesi hii bila mtu wa lifti hatuiwezi. Anajua kila mtu alishukia wapi." Wazee wakahema. Mwimbaji akalia, kwa Kiingereza sijui analilia nini. Kwa Kiswahili alilia kwamba yule kijana alimsalimia kila asubuhi na leo hayupo. Magari yalikimbia usiku mvua ikinyesha: yanamtafuta wa lifti. Simu ililia: ameonekana stesheni. Hakuna filamu niliyowahi kuona ambamo wazungu wengi kiasi hicho walimtafuta mtu mweusi mmoja bila nia ya kumfunga. Mama Neema alikuwa ameacha sambusa mkononi ikipoa.

Kisha mpelelezi akaingia kwenye lifti ile ile. Na kijana yupo. Wamesimama bega kwa bega, mpelelezi anatazama mlango, kijana anatazama usukani. Kimya. Ukumbi ukalipuka.

"Muulize! Muulize, huyo hapo!"

"Mpelelezi gani huyu? Muulize!"

Festo akakohoa, akaanza, "Kijana, nimekutafuta mji mzima..." na sauti ndogo ikapanda kutoka sakafuni mbele, kwa Kiingereza safi cha shule: "Hakusema hivyo."

Alikuwa Neema, miaka kumi, magoti kidevuni. Mama yake akamuuliza anasema nini. Mtoto akageuka, akaeleza kwa Kiswahili, bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha hesabu ubaoni. "Hakusema kitu, mama. Hakuna mtu anamutafuta. Hata jina hana."

Mashine za ng'ambo zilizunguka. Mzee Ezekieli akaamka taratibu, kofia mkononi.

"Festo. Ile ya kambini. Ya askari aliyerudi kijijini kumchukua mama yake."

"Mzee..."

"Alirudi?"

Festo akazima maikrofoni. "Alirudi kuchukua bunduki, mzee."

"Nilimlilia yule mama," Mzee Ezekieli akasema, akaivaa kofia, akatoka. Wengine wakamfuata, wakiwa wamebeba viti vyao kana kwamba viti navyo vimedanganywa. Festo alikunja waya wa maikrofoni polepole sana. Nilimwambia Jumamosi ijayo tutaanza mapema. Akaniambia, "Dada Devota, kule nilikuwa na watu. Hapa nina mashahidi."

Jumatatu nilimsimulia Bibi Ernestina, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, ambacho nilikuwa nakipima kabla ya kukitoa. Alicheka kwenye kofia. Alicheka zaidi kwenye mwimbaji. Nilipofika kwenye lifti akaacha kucheka, akaniuliza ni hoteli gani, vifungo vipi. Nikamtolea diski kwenye mkoba. Akaiweka juu ya kitambaa cha maua, kiganja juu yake.

"Clarence," akasema. "Kaka yangu."

Nilisikia habari hiyo na chakula kikapoa mbele yetu. Clarence alitoka Louisville kwenda kutafuta uigizaji, na baada ya miaka ya kufagia jengo ambalo ndani yake wenzake walikuwa wanaigiza, akapewa mtu wa lifti. Akaandika nyumbani kwamba ana sehemu nzima: mpelelezi anamuuliza, naye anamtaja muuaji. Waliipiga picha hiyo. Alikuwa ameyasema maneno, watu wa kamera wakampongeza. Filamu ilipokuja mjini ilikuja kwenye jumba ambalo familia yake haikuruhusiwa kuingia. Wakaiona baada ya miaka, ilipopita kwenye televisheni. Mama yao alipika, mtaa mzima ukapigiwa simu, majirani wakajaa mpaka dirishani. Wakamwona akiuliza ghorofa ya ngapi. Wakamwona akisimama kimya na mpelelezi. Halafu orodha ya majina ikapanda, wakaisoma mpaka mwisho, mpaka vipindi vya watoto vilipoanza. Sehemu yake waliikata. Mtu fulani ofisini aliona haipendezi kesi ya mzungu ifumbuliwe na mwendesha lifti. "Lakini angalia vizuri," Bibi Ernestina akasema, "hadithi yao ina tundu. Muuaji alipanda na nani? Nimeliangalia tundu hilo maisha yangu yote."

Festo hakujua lolote kati ya hayo. Alisimama tu mahali aliposimamishwa na Mama Neema, upande wa mwenye lifti, na kutoka hapo tundu likaonekana waziwazi, kwa sababu mtu wa lifti anajua kila mmoja alishukia wapi, na mpelelezi asiyemuuliza si mpelelezi.

Bintiye Bibi Ernestina, Denise, alikuwa aje kumhamishia kwake North Buffalo kabla ya baridi. Nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi. Bibi akaondoa kiganja kwenye diski. "Kabla sijaenda," akasema, "nataka kumwona akitafutwa."

Nilimpata Festo maegeshoni, mchana, anakula sombe, yale majani ya muhogo, kwenye bakuli la plastiki, mlango wa gari wazi. Nikamwambia yote. Akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo sikudanganya."

"Ulikisia."

"Kukisia sawasawa ndiyo ufundi, dada." Akala kijiko kimoja zaidi. "Hapana. Yule mtoto atanivua nguo mbele ya bibi wa watu."

"Mtoto nitamweka nje."

"Huwezi kumweka nje, anaishi hapo."

Nikanyamaza kidogo, mwenye duka. "Basi tumpe kazi. Bibi hajui Kiswahili. Neema akae karibu naye, akisikia unachosema amrudishie kwa Kiingereza. Wewe sema upendavyo. Yeye aseme ulichosema. Hawezi kukusahihisha na kukutafsiri kwa wakati mmoja. Mdomo ni mmoja."

Festo akafunika bakuli lake. "Wewe kambini ulipoteza wakati mlangoni," akasema. Nikachukua hilo kama ndiyo.

Kabla ya Jumamosi nilikwenda kwa kila mlango. Kwa Mzee Ezekieli nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alisema hataki uongo. Ya pili nilimweleza tu kwamba atakuwepo mama mmoja aliyemngoja kaka yake kwenye filamu hiyo tangu ujana wake, nikaondoka kabla hajajibu. Alikuja, akakaa nyuma kabisa, akatangaza kwamba amekuja kuushuhudia uongo kwa macho yake. Bibi Ernestina alikuja na kofia ya kanisani, na wazee wetu wote wakasimama bila kuambiwa. Mama Neema alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kiswahili, "Pole na kaka." Bibi akamjibu kwa Kiingereza. Wakaelewana kabisa, na hapo hakuna mkalimani aliyehitajika, jambo ambalo kazi yangu ya leo hainiruhusu kulitaja mara kwa mara.

"Fundi yuko kazini!"

Safari hii Festo hakumwita kijana wa lifti. Alimwita Klarensi. Tangu kofia ya kwanza ilipoingia hotelini, jina likaanza: Klarensi yuko zamu? Klarensi alimpandisha nani? Mlete Klarensi. Majambazi walimwogopa, bosi alimsubiri, mwimbaji alimlilia. Na kila mara jina lilipotajwa, kofia ya kanisani ilitikisika kidogo, kabla hata Neema hajafungua mdomo sikioni mwake. Mtoto alikuwa amekunja uso kwa kazi ile, ananong'ona mfululizo, anafuta mate, ananong'ona. Mara moja tu aligeuka kumtazama Festo kama anayetaka kusema jambo, akakumbuka kwamba sentensi nyingine imeshafika.

Mpelelezi akaingia kwenye lifti. Bega kwa bega. Kimya cha filamu, na safari hii kimya cha watu pia. Festo alishusha sauti mpaka chini.

"Klarensi. Watu wote nimewauliza. Nimechelewa kukuuliza wewe. Nani alishuka ghorofa ya kumi?"

Kwenye shuka kijana alikuwa anatazama usukani wake. Festo akamngoja. Nilimjua Festo tangu utoto na sijawahi kumwona akimngoja mtu wa kwenye filamu.

"Bwana mpelelezi, ni mwenye kofia."

"Wote wana kofia, Klarensi."

"Ndiyo, bwana. Na wote hupanda na mimi kila siku bila kunitazama usoni. Yule alinitazama. Halafu akanitazama tena. Anayejua kwamba nina macho ndiye aliye na la kuficha."

Nyuma kabisa Mzee Ezekieli akasema, "Aaa!" kwa sauti ya mtu aliyelipwa haki. Neema alinong'ona mpaka neno la mwisho. Bibi Ernestina hakulia. Alikuwa ameinua mkono wa kulia kidogo kutoka pajani, vidole vimeshika kitu ambacho hakikuwepo, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni kijiko.

Majina yalipoanza kupanda, Festo aliyasoma yote kwa mbio kama kawaida yake, nusu kwa kubahatisha, na mwisho kabisa, shuka likiwa limeshabaki jeupe, akapaza sauti: "Na Klarensi, wa Louisville, mwenye lifti!" Makofi. Bibi akainama kwa mtoto.

"Wameandika hivyo?"

Neema akatazama shuka. Akamtazama Festo. Nikashika kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Hapana, bibi," akasema. "Lakini amesema."

"Inatosha," Bibi Ernestina akasema, akaomba sambusa nyingine.

Denise alikuja kumchukua majani yakiwa yameanguka. Sisi nasi tukatawanyika kama watu wa kazi wanavyotawanyika. Mimi Columbus, Mama Neema na wengine Buffalo wakifuata ndugu, na Festo akawafuata baadaye. Nikapata mafunzo, nikaapa, nikawa mtu wa maneno sahihi. Nayaamini. Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe, hapaswi kupata uvimbe na nusu kwa sababu mkalimani ana kipaji. Lakini nimekaa kwenye vyumba vingi ambamo daktari anamuuliza mwana, anamuuliza jirani, ananiuliza mimi, na mama mwenyewe yupo hapo hapo kitandani, anatazama mikono yake. Sheria hainiruhusu kuongeza neno. Hainikatazi kugeuza kiti changu kumwelekea yeye. Hukigeuza, na mara nyingi daktari naye hugeuka, akidhani ni wazo lake.

Tulimzika Festo kwenye upepo wa ziwani unaoingia mpaka kwenye meno. Denise alikuwepo, na sufuria ya makaroni mikononi, mwenye mvi sasa, akatueleza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua: kwamba mpaka mama yake alipofariki, Festo alikuwa akifika kwao North Buffalo kila Jumapili. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Waliwasha filamu moja ya zamani, wakaizima sauti, na Festo akasema. "Mama hakuelewa hata neno," Denise alisema, "isipokuwa jina moja." Akatoa diski kwenye mkoba wake.

Basi kwenye matanga, baada ya wali na maharage, mwana wa Festo akatundika shuka sebuleni. Watu wakajibana, wazee wa Louisville mbele, Mzee Ezekieli kwenye kiti cha magurudumu. Filamu ikaanza, sauti ikashushwa, na tukagundua wote kwa pamoja kwamba hakuna wa kusema. Wazee wakageuka kwenye viti. Wakanitazama mimi, mkalimani. Mimi nikamtazama Neema.

Akasimama ubavuni mwa shuka, mikono mifukoni. Alianza vizuri, kwa Kiswahili cha mama yake kilichokaa chuoni muda mrefu, polepole, kwa uaminifu, kila mzungu akisema alichosema. Lifti ikafunguka. "Hapa anauliza," Neema akasema, "ghorofa ya ngapi."

"Hakusemaka vile!"

Alikuwa mama yake. Sebule ikaangua kicheko cha kwanza cha siku ile, na Mzee Ezekieli akagonga mkono wa kiti chake. "Kweli, hakusema hivyo! Mtoto huyu anatudanganya!" Neema akajitetea kwamba ndivyo alivyosema, wakamzomea. Kofia zikaingia na kutoka, naye akawa anazitafsiri kwa haki, na kila baada ya sentensi mtu fulani gizani mwa mapazia alikuwa anamalizia ya Festo, "...bila mtu wa lifti hatuiwezi," "...alimsalimia kila asubuhi," mpaka nikashindwa kujua filamu iko wapi, shukani au vitini.

Mpelelezi akaingia kwenye lifti. Bega kwa bega.

"Hapa," Neema akasema, "hakuna anayesema kitu."

"Muulize," Mama Neema akasema, si kwa nguvu.

"Mama, hapa hakuna..."

"Muulize, mwanangu."

Neema aligeuka, akanitafuta kwenye watu. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Niligeuza kiti changu tu, kikamwelekea yule kijana mwenye vifungo vya shaba. Neema akatoa mikono mifukoni. Akakohoa. "Fundi yuko kazini," akasema, kisha akamwelekea Klarensi, akamuuliza.